Wanaipenda rangi yetu, sisi je?

Leo naomba tuongee juu ya urembo wetu sisi wasichana weusi. Hapa Kakuma nasuka nywele, na kwenye kiti changu habari hizi hazikosi.

Tuanze na mafuta. Mteja anakaa, hata kichana sijashika, anauliza kama tuna ile ya kung'arisha. Kwetu sisi Wakongomani kujichubua wala si siri. Uso unakuwa mwekundu, viungo vya vidole vinabaki vyeusi, halafu jua la Turkana mnalijua wenyewe. Kuna makopo yana zebaki ndani, sumu kabisa, lakini juu kuna picha ya dada mweupe anacheka.

Sasa weusi huohuo tunaoufuta, huko nje unasifiwa. Alek Wek alikimbia vita Sudan, akafika London mwaka 1991, na mwaka 1997 alikuwa kwenye jalada la Elle la Marekani. Baadaye akaja Adut Akech, ambaye utoto wake ulipita hapahapa Kakuma kabla familia haijahamia Australia. Desemba 2019 alipewa London tuzo ya mwanamitindo wa mwaka. Mweusi tititi, mrefu, ana na mwanya (ambao bibi zetu waliusifu kabla jarida lolote halijauona). Wadada wa Sudan Kusini hapa jirani wameweka picha yake kwenye simu, na wana haki.

Lakini sikieni hii. Mwaka 2018 jarida la Who la Australia lilimhoji Adut, akaeleza namna watu wanavyowaona wakimbizi na watu weusi. Lilipotoka, maneno yalikuwa yake, picha kubwa ilikuwa ya mwanamitindo mwingine mweusi! Jarida liliomba radhi. Adut alisema wazi kwamba angekuwa mzungu, anaona jambo hilo lisingetokea. Mimi namuamini. Hicho ndicho kinanikera: rangi wanaipenda, mwenye rangi hawamjui.

Na mtu usiyemjua ni rahisi kumrudisha. Mwaka 2023 gazeti la Uingereza, The Sunday Times, liliandika juu ya vijana wa kambi hii waliopelekwa Ulaya kufanya uanamitindo. Wengine walirudishwa wakidaiwa maelfu ya euro. Yaani mkimbizi anarudi kambini na deni! Atalilipa na nini, na mgao wa unga?

Sisemi wadada wasiende. Kuna waliokwenda wakafanikiwa, na mimi nikiwaona nafurahi mpaka nacheka peke yangu.

Jirani yangu mmoja, jina naliacha, ameshapigwa picha za mbele, za ubavu na video ya kutembea. Ametumiwa mkataba wa Kiingereza. Mama yake alinifuata saluni akasema, "Mwanangu, wewe umesoma, tusaidie." Kila jioni tunausoma, kamusi iko kwenye simu. Tumefika pale panaposema gharama zitakatwa kwenye mapato. Tumemuandikia wakala: kazi isipopatikana, tiketi na chumba analipa nani? Wiki ya pili hii hajajibu, ila juzi ametuma ujumbe kumwambia binti ngozi yake ni nzuri sana. Mama amesema sahihi haiwekwi mpaka swali la tiketi lijibiwe.