Kupanda Usambara kwa Baiskeli

Barabara ya Lushoto inaanzia Mombo, kando ya barabara kuu iendayo Arusha, pale mabasi yanaposimama na abiria kushuka kunyoosha miguu. Nyuma ya vibanda vya machungwa na mihogo umesimama mlima. Hautangulizwi na vilima. Nyika imetandaa na mibuyu yake, michongoma na safu za mkonge, kisha ghafla unakutana na ukuta wa miamba, na juu ya miamba msitu, na juu ya msitu wingu. Mombo iko mita 400 na kitu kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati ya miji hiyo kuna kilometa 33 za lami, na sehemu kubwa ya mwinuko imo katika nusu ya kwanza, kabla hujafika Soni.

Wengi huipanda njia hii ndani ya Kosta, vioo vimefungwa, wamesinzia. Wanafika salama, ila hawajui wamepita wapi. Naamini mlima huu unaeleweka vizuri zaidi juu ya baiskeli, kwa sababu karibu kila jambo kubwa lililotokea hapa, tangu enzi za wafalme hadi wakoloni, lilitokana na mwinuko wenyewe: nani yuko juu, nani yuko chini, na kipi kinapandishwa au kuteremshwa baina yao. Mwinuko huo mwendesha baiskeli anausikia mapajani.

Niliondoka jua likiwa bado dogo. Hata hivyo joto la nyika lilikuwa limekwisha amka, na hewa ilikuwa na vumbi, moshi wa mkaa na ile harufu chachu ya mkonge uliosindikwa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaifanya kuwa mlango wa milima. Wajerumani waliotaka baridi walishukia hapa kisha wakapandishwa. Hadi leo mji una sura hiyo ya mahali pa kubadilishia usafiri: watu wameketi juu ya mizigo yao, wakitazama upande wa mlima.

Kona ya kwanza inakuja mapema, na baada yake hakuna tena kunyooka. Upande mmoja una mwamba uliochongwa, wenye michirizi ya maji na kuvu; upande wa pili una bonde, na mto unausikia chini bila kuuona. Barabara ni nyembamba. Magari mawili makubwa yakikutana, moja hulazimika kungoja. Kila dereva hupiga honi kabla ya kona, honi ikagonga mwamba wa ng'ambo na kurudi, hivyo mara nyingi nilisikia lori likija kutoka upande ambao halikuwepo. Malori yanayoshuka hutangulia na harufu yao, harufu kali ya breki zilizopata moto. Yanapopita unaona kabichi zilizopangwa mpaka juu ya kingo, na kijana amelala chali juu yake.

Nilishika gia nyepesi kuliko zote nikatulia humo. Ukipanda taratibu hivyo unaona vitu kimoja kimoja. Mibuyu iliisha bila kuaga. Ikaja miembe, kisha migomba, kisha mikaratusi mirefu yenye magome yanayoning'inia. Kwenye kona moja upepo ulitoka chini, wa moto. Kwenye kona iliyofuata ulitoka juu, na ulikuwa wa baridi kiasi cha kunikausha jasho mgongoni.

Nilipumzika chini ya mti, na hapo nikakutana na kijana aliyekuwa akishuka. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, keria yake imeongezewa nondo ili ibebe magunia mawili ya karoti. Hakuwa ameipanda. Alitembea ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kamba ya mzigo, mwili wote ukiwa umeegemea nyuma. Breki ilikuwa kipande cha soli ya kiatu kilichofungwa kwa mpira karibu na tairi la nyuma. Alikikanyaga kila alipotaka kupunguza mwendo, na soli hiyo ilikuwa imelika hadi ikawa laini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mzigo unatoka wapi?"

"Huko Magamba, mzee. Nashusha Mombo." Akaiegemeza baiskeli kwenye jiwe, akaja kubonyeza tairi langu jembamba kwa kidole gumba. "Hii haina hata keria. Sasa unabebea nini?"

Nikamwonyesha chupa ya maji. Akaitikia kwa kichwa, akanipa pole ya mlima, akaendelea. Niliisikia soli yake ikisuguana na tairi mpaka kona ya tatu.

Soni ni mahali ambapo bonde linafunguka. Maporomoko yake yako pembeni kabisa mwa barabara, maji meupe yakiangukia mawe ya kijivu, na kina mama hufua juu ya maporomoko huku magari yakipita nyuma yao. Kuna maduka, vijiwe vya bodaboda, na wauza matunda wanaokimbilia kila gari linalopunguza mwendo: mapeasi, plamu, parachichi. Nilikula makande ya moto kwenye kibanda cha mbao. Nje, mlima ulikuwa umeniacha mahali pa kijani kitupu, na mtu angeweza kusahau kwamba nyika iko chini pale, karibu vile.

Si mbali na Soni, juu ya mgongo wa mlima, ndipo ilipo Vuga, iliyokuwa makao makuu ya ufalme wa Wasambaa. Habari zake tumeachiwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake hawakutaka arithi. Akaikimbia nchi yake na mbwa wake, akapanda milima hii akiua nguruwe walioharibu mashamba, akiwagawia watu nyama, mpaka alipomuua simba na wao wakamfanya mfalme. Kitukuu wake, au mjukuu kama wengine wanavyosema, Kimweri ye Nyumbai, alitawala hadi alipofariki mwaka 1862, na amri yake ilifika pwani, kati ya Tanga na Pangani. Mmisionari Krapf alipanda kwenda kumwona Vuga mwaka 1848, akarudi tena 1852. Alikwenda kwa miguu. Nilipokuwa nikipumua kwa shida kwenye lami, niliwaza wapagazi wake katika njia za mawe, na kodi za mfalme, mbuzi na magunia, zikipandishwa mlima huu mwaka baada ya mwaka. Hekima ya kujenga Vuga juu inaonekana ukiwa umechoka. Adui angefika amekwisha tumia nguvu zake zote.

Kutoka Soni hadi Lushoto njia inakuwa ya upole. Inafuata mto, inapita kati ya bustani za mboga zilizopangwa mpaka ukingoni mwa maji, halafu macho yanapanda ubavu wa mlima na kukuta mashamba mahali ambapo mtu hategemei kuona hata mbuzi. Nilimwona mama akilima katika mteremko mkali hivi kwamba jembe lake lilikuwa linapiga ardhi iliyo usawa wa kifua chake. Mguu mmoja alikuwa ameukunja, mwingine ameunyoosha chini. Udongo uliomeguka ulibiringika hadi kwenye mfereji wa barabara. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta katika mashamba kama haya ili kuzuia mmomonyoko, na faini ilimngoja asiyechimba. Watu walikataa, na mpango huo ulikufa kabla ya uhuru. Kwenye vitabu ugomvi huo unaelezwa kama siasa. Ukimtazama mama yule unaona kwamba ulikuwa pia ni suala la mgongo: kuchimba matuta mlimani pamoja na kulima, kupalilia, kuteka maji na kubeba kuni, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Leo wapo wanaolima kwa makinga maji na majani ya ng'ombe kwenye kingo zake, kwa hiari yao. Mashamba mengine bado yanabomoka. Mto chini yake ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Lushoto yenyewe imekaa ndani ya bakuli la milima. Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, kwa jina la Kaizari wao, na gavana wao alipanda huku kukimbia joto la Dar es Salaam. Alama zao bado zipo: kanisa lenye mnara, nyumba za kuta nene na paa lililoinamia chini, miti ya kigeni kando ya barabara. Mji haujazigeuza kuwa maonyesho. Zinatumika, zimepakwa rangi na kupakwa tena, nguo zimeanikwa kwenye baraza. Nilikuta gulio limechangamka. Viazi vilimwagwa juu ya maturubai, maharage yalipimwa kwa kopo, na kati ya kelele za Kiswahili kulisikika Kisambaa cha wazee wakisalimiana kwa kirefu, salamu moja ikizaa nyingine, bila haraka.

Juu ya mji barabara inaanza tena kupanda kuelekea Magamba, na hapa ndipo miguu iliniuma kweli. Lakini ndipo pia unapoingia msituni. Giza lilishuka ghafla mchana kweupe. Ukungu ulikuwa unatambaa kati ya mashina, majani yalidondosha maji ingawa mvua haikuwa ikinyesha, na mahali fulani mbega walikuwa wakinguruma. Humu kuna mikulo, miti mikubwa ambayo gome lake likikwaruzwa hunukia kafuri, na ambayo ilikatwa sana kwa mbao. Shina moja nililisogelea. Mikono yangu miwili ilikumbatia sehemu ndogo tu ya mzunguko wake. Limevaa kuvu na mizizi ya mimea mingine mpaka juu nisikoweza kuona, na mahali gome lilipofunguka palikuwa na siafu wakipita katika mstari mmoja.

Kinyonga alikuwa akivuka lami. Nilisimama, nikalaza baiskeli. Alikuwa wa kijani, urefu wa kiganja, na puani alikuwa na pembe mbili fupi zilizosimama sambamba. Aliinua mguu, akautikisa mbele na nyuma, akaushusha; jicho moja lilinitazama mimi, jingine lilitazama upande alikokuwa akienda. Bibi mmoja aliyebeba kuni alisimama mbali kidogo.

"Usimguse huyo, baba."

"Simgusi, bibi. Namngojea apite."

Tulingoja wote. Pikipiki ilikuja kutoka juu, nikapunga mikono, mwendeshaji akaizungusha kwa nje bila kuuliza, na kinyonga akafika kwenye majani.

Mbele zaidi, upande wa Shume, kulikuwa na misitu ya miangati, na Wajerumani walifunga kamba ya chuma angani ili kuteremsha magogo yake hadi Mkumbara, kwenye reli. Wafalme walipandisha kodi, wageni wakateremsha mbao. Mahali penye mwinuko kama huu, anayemiliki njia ya kushuka ndiye anayefaidi.

Nilimalizia Irente, kwa njia ya vumbi kutoka mjini Lushoto, nikiisukuma baiskeli penye mawe. Hapo mlima unakatika. Jiwe linatokeza, na chini yake hakuna kitu kwa karibu mita 1,000, kisha ni Mazinde: mabati yanayometa, mashamba ya mkonge yaliyochorwa kwa rula, barabara kuu na magari yasiyo na sauti, halafu nyika ya rangi ya simba hadi macho yanapoishia. Kimweri alipofariki, mwanawe Semboja alikaa huko chini Mazinde, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki na baruti kwa biashara, na kwa silaha hizo akapigana na ndugu zake wa milimani. Vita hivyo vilivunja ufalme kabla Wajerumani hawajafika. Kutoka juu ya jiwe lile unaweza kufunika mji wake wote kwa kidole gumba. Vijana wawili waliokuwa wamekaa pale walinionyesha njia ya miguu inayoshuka ukutani hadi Mazinde. Watu wa Irente, walisema, huishuka kwenda kuuza mboga, na jioni hupanda tena.