Kipimo Ni Mkono

Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, katika nyumba ya maseremala. Babu alichonga milango, baba alitengeneza masanduku na vitanda, na mimi nilipofikia umri wa kushika patasi nikaonekana nina mkono wa vitu vidogo: vipini vya visu, marufaa ya kuwekea msahafu, vibao vya mbuzi za kukunia nazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nikapanda gari la moshi kwenda Nairobi kutafuta riziki. Nilitarajia viti na meza. Nikaangukia karakana ya mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, na humo nikazeekea.

Mwanzo kazi ilikuwa mitako ya bunduki. Kenya ilikwisha kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini bunduki za zamani zilibaki kwenye makabati ya wenye mashamba huko Laikipia na Nanyuki, na mbao zake ziliendelea kupasuka kama kawaida ya mbao. Miaka ilivyokwenda, bunduki zikapungua mezani pangu, bastola zikaongezeka, hasa zile ndogo za silinda ambazo mtu mwenye kibali huzibeba chini ya shati. Basi mipini yake ikawa ndiyo mkate wangu.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kikalasinga, mzaliwa wa Nairobi, mkali wa macho na mpole wa ulimi. Mteja akiingia akasema ataka mpini mzuri, mzee hakugusa bastola. Alisema, "Lete mkono kwanza." Akaupima kwa kamba, kutoka kwenye uvungu wa kidole gumba hadi kwenye kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada, kisha upana wa kiganja. Nikimuuliza mbona asipime bastola, alinijibu, "Kijana, bastola zote hizi ni sawa. Mikono ndiyo haifanani."

Tuliletewa zaidi Smith & Wesson za risasi tano, zenye mtutu usiofika sentimita tano. Kampuni hiyo ya Marekani ilitoa ya kwanza ya umbo hilo mwaka 1950, yote chuma, na miaka miwili baadaye ikatoa nduguye yenye fremu ya alumini. Ya chuma, bila risasi, ina gramu 550 hivi. Hii nyepesi tunayoijua sasa ina gramu 420 hivi. Webley kubwa ya jeshi la Mwingereza ilipita kilo moja, na aliyeibeba kutwa nzima alijua amebeba kitu. Mtu hununua nyepesi kwa sababu kiuno chake kimechoka. Asilolijua ni kwamba risasi ni ileile. Teke ambalo uzito wa chuma ungelimeza huja lote kiganjani, na mahali pa kulipokea ni vile vipande viwili vya mbao vilivyobanwa kwa skrubu moja.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mpini wa kushika vizuri wataka uwe mrefu, vidole vyote vitatu vipate pa kukaa. Mpini wa kuficha vizuri wataka uwe mfupi, kidole cha mwisho kining'inie, kwa maana kinachotokeza chini ya nguo si mtutu, ni mpini. Mtutu umelala ndani ya suruali. Mpini ndio unaosukuma shati. Nimewaona wateja waliovaa Kaunda suti iliyoshonwa vizuri wakificha mpini mrefu bila taabu, na nimewaona vijana wa fulana za kubana wakishindwa kuficha hata ule mfupi kabisa.

Ugomvi wa pili ni wa mgongo wa mpini. Ukiufunika kwa mpira, teke linapoa. Lakini mpira huo unausogeza mkono nyuma, na mwenye vidole vifupi hafiki tena kwenye kifyatulio ila kwa ncha. Bastola hizi hazivutwi kwa ncha. Kifyatulio chake kinataka nguvu ya kilo tano na zaidi, na mtu akikivuta kwa ncha ya kidole mtutu unakwenda pembeni kabla risasi haijatoka. Ukiuacha mgongo wazi, kidole kinafika, ila chuma kinakugonga kwenye nyama ya kidole gumba. Tena iko ile nafasi nyuma ya pete ya kifyatulio: mpini mwembamba wa kiwandani unaiacha tupu, na kila mlio pete inakipiga kidole cha kati. Mteja hurudi na kidole kimevilia damu, akilaumu risasi.

Ugomvi wa tatu ni wa ngozi ya mpini. Mpira unashika mkono, nao unashika shati vilevile. Mwenye kuinama na kuinuka mara shati linabaki limenasa juu, na siri imetoka. Mbao laini inaliachia shati. Lakini mbao iliyopakwa vanishi ikang'aa, mkono ukitoka jasho, inateleza kama sabuni. Mzee alikataa vanishi. Tulipaka mafuta ya kitani kidogokidogo, tukasugua kwa kiganja, tukangoja, tukarudia, mpaka mbao ikawa kavu na yenye kushika. Pale vidole vinapokaa tulichora miraba midogo kwa msumeno wa mkono. Upande wa nguo tuliacha laini.

Kazi yenyewe haina haraka. Bastola ikifika, inafunguliwa silinda na kuhakikishwa kwamba haina risasi, mbele ya mwenyewe, na risasi zake zinabaki chumba kingine. Fremu inapakwa masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta. Unaibandika kwenye mbao, unaitoa. Palipotiwa weusi ndipo panapogusa. Unapaparua kwa patasi, kidogo tu, unabandika tena. Mwanzo unaona doa moja au mawili. Mwisho weusi umeenea sawasawa pande zote, na hapo unajua mbao imekaa kwenye chuma bila kuning'inia kwenye skrubu. Mbao inayobebwa na skrubu peke yake hupasuka. Upande wa kushoto, juu, unapunguza unene ili kile kidude cha duara cha kupakia risasi zote tano kwa mkupuo kipate kupita. Wengi wanaochonga wanalisahau hilo, na mteja hugundua siku ambayo hana muda wa kugundua.

Kuhusu mbao, kila mtu alitaka mpingo. Ni mzito, ukiutia majini unazama, na ukisuguliwa hupati mbao ya kushindana nao kwa sura. Lakini usipokauka vizuri unapasuka, na mwenye bastola nyepesi anarudisha uzito alioulipia kuuondoa. Mimi nilipenda mninga kutoka Tanzania. Mninga haunywei wala hautanuki kwa urahisi. Mpini uliokaa sawa Nairobi utakaa sawa Mombasa kwenye unyevu. Kuna waliotaka pembe ya ndovu. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya dunia, na mwaka 2016 zikachomwa tani 105, lakini wapo walionong'ona hata baada ya hapo. Mzee aliwaonyesha mlango.

Mteja ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja mfanyabiashara wa Mombasa, aliyebeba fedha nyingi kwa kazi yake.

"Fundi," aliniambia, "mwanangu kanitilia mpira huu. Nikipiga hauniumizi, lakini kuitoa ni kazi."

"Waibeba wapi, mama?"

"Mkobani. Na safari nyengine kiunoni, ndani ya buibui."

Nikamwomba aishike, tupu, mtutu ukielekea ukuta wa mchanga. Vidole vyake vilikuwa vifupi. Cha shahada kiligusa kifyatulio kwa ukucha. Nikamchongea mninga, mgongo wazi, nikajaza ile nafasi nyuma ya pete, na urefu nikaukomesha katikati ya kidole cha mwisho. Nilimwambia, "Teke litaongezeka, mama." Akajibu, "Na liongezeke. Bora nikiiita ije." Alikwenda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kiambu, akarudi kuniagiza nimpunguzie unene kidogo upande wa kulia. Huyo ndiye mteja: alipima kwa mkono wake, hakupima kwa picha.

Baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambapo raia wenye silaha za leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kuokoa watu, wengi walitaka kubeba na wachache walitaka kujifunza. Walikuja wakiuliza mpini upi hauonekani. Hawakuuliza upi unashika. Desemba 2018 serikali ikaamuru wenye vibali wote wahakikiwe upya, na baadhi ya bastola hatukuziona tena mezani.

Leo ninaishi Kacyiru, Kigali, kwa binti yangu. Makao makuu ya polisi yako mtaa huuhuu, pamoja na wizara kadhaa. Usiku askari wa doria wanasimama kandokando ya barabara na bunduki zao ndefu mbele ya kifua, kila mpita njia anaziona. Ukiingia ofisi au hoteli kubwa unapita kwenye mashine na mkoba wako unakaguliwa. Hapa silaha inayobebwa hadharani ni ya dola, na licha ya umri wangu wote wa kuficha mipini chini ya nguo za watu, sijaulizwa habari ya mpini wa bastola hata na mtu mmoja. Napanda pikipiki kushuka bondeni hadi Agakiriro ya Gisozi, kwenye mabanda ya maseremala, nachonga mipini ya majembe na nyundo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, naona mtaa mzima umeshika mipini, na anayepata malengelenge mapema ni yule aliyeazima jembe la mtu mwenye mkono mkubwa kuliko wake.

Kwa hiyo kama wewe ni mwenye kibali, na umeamua kubeba bastola nyepesi, sikiliza ya fundi. Usinunue mpini kwa kuutazama. Vaa nguo unazovaa siku zote, hakikisha silaha haina risasi, kisha uishike ukiitoa hapohapo unapoibeba. Vidole viwili vikae imara, kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio kwa nyama yake, na shati lisinase. Halafu nenda uwanja wa shabaha ukapige risasi zilezile unazobeba, si zile dhaifu za mazoezi. Ukiweza kupiga tano ukataka tano nyingine, umepata mpini wako. Usipopata unaofanya hayo yote, mrudishie mwenye duka bastola hiyo, uchukue iliyo nzito zaidi au uache kubeba.