Upupu wa Muheza

Utotoni mwetu, Muheza, upupu ndio uliotupangia saa za kwenda porini. Masika yakishapita, maganda yake hukauka juu ya vichaka, yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu, na upepo wa mchana huyapeperusha manyoya hayo mbali. Basi kuni zilikatwa alfajiri, umande ungali umeyalaza. Hata nyani waliotumalizia mahindi hawakuyagusa maganda hayo.

Bibi alitukataza kuutaja tukiwa njiani: ukiuita, utakuja. Aliyewashwa alipakwa majivu, maji akanyimwa. Shuleni ulimwagwa kwenye madawati ya waliochukiwa, na hadi leo mtaani anayevuruga shughuli husemwa kamwaga upupu. Nilikua nikiuona uovu mtupu.

Moyo wangu ulianza kugeuka bwana shamba alipoleta mbegu za upupu usiowasha, ndugu wa damu wa ule wa porini. Bibi hakutaka hata kusikia. Mjomba akazipanda kati ya mahindi, kwenye kipande kilichochoka; majani yakafunika ardhi, magugu yakakosa jua. Upupu ni jamii ya kunde, na mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Msimu uliofuata mahindi yalistawi, na Bibi mwenyewe akaomba mbegu.

Ndipo nikaanza kuutafuta vitabuni. Mwaka 1937 wanasayansi nchini India walitoa levodopa katika mbegu zake, kemikali ambayo leo ndiyo dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson. Kinachowasha katika manyoya ni kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ndiyo maana vidonge vya mzio havifui dafu.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya Nampula, Msumbiji, mwaka 1989. Wanaojua kuzila mbegu hizi huzichemsha mara nyingi, kila mara wakimwaga maji, ili levodopa itoke. Lakini vita na ukame vilikuwa vimeleta njaa, na maji yenyewe yalikuwa haba, hayakumwagwa. Watu wengi walirukwa na akili. Tangu nisome hayo sikubali tena mtu auite mmea huu wa kichawi. Una nguvu, na nguvu hiyo ina kipimo chake.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na shamba lililochoka, muulize ofisa ugani mbegu za upupu usiowasha. Na ukiwa na mgonjwa wa Parkinson nyumbani, usimpe unga wa mbegu hizo kabla daktari hajakuambia kiasi.