Shangingi Kuukuu Katika Njia ya Fukayosi

Atokaye Bagamoyo mjini kwenda Msata huianza njia yake Makofia, akavuka bonde la Mto Ruvu, akazipita Makurunge na Fukayosi, kisha akafika Kiwangwa, nchi ya mananasi. Ni lami ya kilomita 64, nayo imewafupishia safari wakazi wa Dar es Salaam waendao Tanga, Moshi na Arusha, kwani hawana tena ulazima wa kuzunguka kwa Kibaha na Chalinze. Kwa sababu hiyo, mwenye kukaa barazani hapa kwetu baada ya swala ya Alasiri huyaona magari ya kila namna yakipita, na vijana wetu hujua aina, injini na mwaka wa gari hata kabla halijawafikia.

Lakini Fukayosi yenyewe haikukaa yote juu ya lami. Vitongoji vimetawanyika ndani, mashambani na malishoni. Kiangazi njia zake ni mchanga na vumbi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mabonde yenye udongo mweusi hulainika kama uji, na tairi la gari dogo huzunguka mahali pamoja mpaka dereva anashuka akavua viatu. Mgonjwa hachagui msimu, wala mama mwenye uchungu hawezi kuambiwa asubiri njia ikauke. Ndiyo maana gari la juu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, huku kwetu ni chombo cha haja. Mwenye nalo hugongewa mlango usiku, na akifungua huwa amekwisha kujua anaitwa kwa ajili gani.

Kutokana na haja hiyo, waumini wa msikiti wetu walichanga fedha kwa muda mrefu ili lipatikane gari la kubebea wagonjwa na majeneza. Zilipofikia kiasi cha kutosha, dalali mmoja kutoka mjini alituletea habari ya Land Cruiser VX, nyeupe, viti vya ngozi, injini ya petroli yenye silinda nane. Bei yake ililingana na fedha zetu. Vijana walifurahi, na baadhi ya wazee pia, maana gari la namna hiyo ndilo watu waliloliita shangingi, na hapo zamani hatukuliona ila likiwa na kiongozi ndani yake. Nami, kwa nafasi yangu ya ukatibu wa kamati, niliagizwa nilichunguze jambo hilo na kulitolea taarifa. Niliyoyapata nayaandika hapa, kwa kuwa familia nyingi katika njia hii zinauza viwanja na mashamba, na fedha hizo mara nyingi huishia kwenye gari.

Swali la kwanza lilikuwa hili: kwa nini gari lenye fahari kiasi hicho liuzwe kwa bei ya kawaida? Gari la kifahari huzeeka kwa bei, lakini vipuri vyake havizeeki. Gari lililokuwa na thamani ya nyumba likiwa jipya, baada ya miaka kumi na tano hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei yake ya mwanzo. Ila shokapu yake, pampu yake na kompyuta ya injini yake huendelea kudaiwa kwa bei ya gari la tajiri. Mwenye kulinunua hununua umri wa gari na kubakiwa na gharama za ujana wake. Wamiliki wa kwanza hulijua hilo, na wengi huliuza pale gharama zinapokaribia.

Chukua mafuta peke yake. VX ya toleo la 100, iliyotoka mwaka 1998, ina uzito wa tani mbili na zaidi, na injini yake ya petroli ya lita 4.7 huenda kilomita tano au sita kwa lita moja. Kutoka Makofia hadi Msata na kurudi ni kilomita 128, yaani lita zipatazo 21 hadi 26 kwa safari moja. Kamati itakayompeleka mgonjwa hospitalini mara tatu kwa wiki haina budi ijiulize fedha hizo zitatoka katika sanduku lipi.

Kisha kuna anasa zenyewe. Baadhi ya magari hayo yana mfumo wa kupandisha na kushusha bodi kwa mafuta yenye mgandamizo na mitungi midogo ya gesi. Mitungi ikichoka, gari hugonga kama mkokoteni. Range Rover, ambazo kampuni yake ilianza kuziunda mwaka 1970, tangu miaka ya 1990 nyingi zimekaa juu ya mifuko ya hewa. Mpira wa mfuko huo ukipasuka, gari huinama upande mmoja, na fundi wa kijijini hana la kufanya ila kutazama. Kila kitufe kilicho kwenye dashibodi ni starehe kwa mnunuzi wa kwanza na ni deni kwa mnunuzi wa tatu.

Anayeagiza gari moja kwa moja kutoka Japani naye ana hesabu yake. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, nyongeza kwa gari lililopita miaka minane na nyongeza kubwa zaidi kwa lililopita kumi, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato kipo wazi kwenye tovuti yake, na ni vyema kukipitia kabla ya kumtumia fedha muuzaji. Ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Maana yake ni kwamba gari linalokunywa sana ndilo linalolipa sana.

Ama kwa ukaguzi, wengi wetu tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, na vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini. Muuzaji anawajibika kuieleza aibu ya mali yake, na mnunuzi akiikuta aibu iliyofichwa ana haki ya kuirudisha mali. Lakini haki ya kurudisha ni ngumu kuidai kwa dalali aliyekwisha kubadili namba ya simu. Basi mkono na uingie ndani ya lundo mapema.

Gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha kabla hujafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweupe usiokwisha ni dalili ya maji kuingia katika silinda. Mweusi mzito kwa gari la dizeli mara nyingi huashiria nozeli zilizochoka. Fungua kifuniko cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimechanganyika, na gesketi au silinda hedi ina kasoro. Prado nyingi za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya lita 3.0 hujulikana kwa hedi kupasuka zinapochemka, kwa hiyo rejeta yake itazamwe kwa makini.

Lala chini ulitazame fremu. Magari yaliyotembea nchi za theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, huliwa na kutu kwa chini huku rangi ya juu iking'aa. Namba ya fremu, ambayo kwa Land Cruiser huchongwa karibu na gurudumu la mbele la kulia, ilingane na iliyo kwenye kadi ya gari. Tairi nalo lina umri wake: tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini lenye miaka kumi ni hatari kwenye lami ya moto. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa injini zenye mkanda. Kwa kawaida hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kulingana na injini, na ukikatika unaweza kuiharibu injini nzima.

Likishanunuliwa, kodi na umiliki vihamishwe mara moja, maana gari lililo kwa jina la mtu mwingine ni fitina inayosubiri siku yake. Anayekosa fedha taslimu asikimbilie mkopo wa riba. Zipo benki zinazouza kwa murabaha, na Amana Bank, iliyoanza kazi mwaka 2011, ni miongoni mwake. Katika utaratibu huo benki hulinunua gari kwanza, kisha humuuzia mteja kwa faida iliyokubaliwa. Hata hivyo halali ya mkataba haiifuti hesabu ya mafuta.

Matunzo ya gari la njia za vumbi yana nidhamu yake. Oili na chujio vibadilishwe kila kilomita 5,000, chujio la hewa lipulizwe mara kwa mara, na chujio la dizeli litolewe maji. Rejeta itiwe kimiminika chake badala ya maji ya kisima, yanayoacha magadi na kutu. Viungio vya propela vipigwe grisi baada ya kila kipindi cha tope. Kufuli ya difu ya katikati hufungwa kwenye tope au mchanga na kufunguliwa mara tu gari linapopata lami, la sivyo mashine hupingana zenyewe. Na mwenye kulaza gari Dar es Salaam achonge namba ya usajili kwenye vioo na taa, asije akavikuta vipuri vyake mwenyewe vikiuzwa dukani Gerezani.

Nilipoitoa taarifa hiyo kwenye kikao, hakuna aliyebishia hesabu, lakini mioyo ilikuwa bado kwenye VX. Kijana mmoja alisema, na si bila sababu, kwamba wagonjwa wetu nao wanastahili kiti laini, na kwamba tumezoea mno kupewa vilivyochakaa. Ndipo mkunga wetu, bibi anayeheshimiwa na vitongoji vyote, akaomba kusema. Aliuliza mambo matatu tu: mwanamke mwenye uchungu ataingizwaje na atalazwa wapi, jeneza litakaa sawa au litapindishwa, na gari likiharibika Jumatatu, ni nani atakayelitengeneza kabla ya Ijumaa. Hakutaja silinda wala viti.

Kwa maswali hayo tuliyapima magari mawili. VX ilikuwa nzuri, na viti vya nyuma vikikunjwa ingebeba. Kwa fedha zilezile palikuwa na Land Cruiser ya mtindo wa hadtopu, toleo la 70 lililoanza mwaka 1984, kuukuu zaidi, rangi imefifia, benchi mbili za pembeni na nafasi ndefu katikati. Injini yake ni dizeli ya lita 4.2 isiyotegemea kompyuta, na mafundi wa Bagamoyo wanaijua kama wanavyoijua mitaa yao. Hadtopu haishuki bei haraka, ndiyo maana gari baya la sura huuzwa sawa na zuri. Soko lenyewe limekwisha kutoa ushahidi.

Lakini hadtopu pia ingezimaliza fedha zetu zote, na hapo palikuwa na tatizo lilelile. Kamati ikaamua kutumia theluthi mbili tu katika kununua, na theluthi moja iwe akiba ya matairi, bima na matengenezo, isiyoguswa kwa jambo jingine. Maana yake ilikuwa kungoja msimu mwingine wa mananasi ili kiasi kitimie. Wapo waliokasirika, na wana haki ya kuuliza, kwani masika yale bado wagonjwa walibebwa kwa pikipiki na kwa machela. Msimu ulipopita, waumini wakaongeza, na hadtopu ikaja. Daftari lake linatundikwa msikitini kila mwezi: safari, lita, oili, na jina la dereva.

Bagamoyo ilikuwa mwanzo wa njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Mpagazi wa zama hizo alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na kiongozi wa msafara aliupima mzigo kabla ya kuondoka pwani, kwa kuwa mzigo uliozidi hautupwi siku ya kwanza. Hutupwa nyikani, pamoja na mtu wake. Gari nalo ni mzigo wa namna hiyo. Baba anayetaka kuuza shamba la nanasi ili aendeshe shangingi na aipime kwanza miezi 24 ya mafuta, matairi na matengenezo, akae na mkewe na wanawe waitazame hesabu pamoja, kisha aamue. Shamba likiuzwa halirudi, na gari, hata la silinda nane, halizai mananasi.

Mwenyezi Mungu atujaalie vyombo vyenye manufaa na atulinde na shari za njia. Amin.