Sitara Si Kumfungia Kaka Mlango



Mimi ni fundi wa nguo za harusi, na fundi husikia mengi wakati wa kupima. Bibi harusi akianza kuwataja wageni wake, mara nyingine huwa kuna mmoja asiyetaka aonekane: kaka anayetumia unga. "Tutampa hela kidogo akae mbali siku hiyo." Au, "Tutamweka chumba cha nyuma, tufunge mlango." Wanachotaka ni kuficha aibu. Lakini mambo hayo mawili yanaweza kumuua.

Unga ukizidi mwilini, pumzi hupungua mpaka ikakatika. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyekaa muda bila kutumia, kama aliyetoka soba au Chuo cha Mafunzo. Mwili wake umeshapoteza mazoea, kwa hiyo kiasi kile kile cha zamani sasa kimemzidi nguvu. Mpe fedha, mwache peke yake, funga mlango. Ngoma ikipigwa uani, nani atamsikia?

Zijueni dalili: anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, haamki hata akitikiswa, anapumua kwa mbalimbali, midomo na kucha zinakuwa za kijivu au buluu. Msiseme "amelala, mwacheni." Tafuteni gari upesi. Kama anapumua, mlazeni ubavu asije akapaliwa na matapishi. Kama hapumui, anayejua ampulizie pumzi mdomoni. Msimnyweshe maziwa wala msimmwagie maji.

Hospitali semeni kweli kwamba ametumia unga. Ipo dawa iitwayo naloksoni, ambayo huweza kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Lakini nguvu yake inaweza kuisha kabla ya nguvu ya unga, kwa hiyo hata akiamka, msimrudishe nyumbani mapema.

Ipo pia methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na hapa kwetu Unguja ikaanza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Humwondolea mtu arosto na kumpunguzia sana hatari ya kufa. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mimi nasema, aliye hai ana mlango wa toba, aliyekufa hana.

Dini yetu imetufunza kusitiriana. Sitara ni kutomtangaza ndugu yako mitaani. Kumtelekeza si sitara. Na uzito wa kuokoa nafsi moja tunaujua sote tunaosoma aya ya 32 ya Suratul Maida.

Mteja wangu mmoja aliniletea kitambaa cha kanzu ya kaka yake, aliyekuwa ametoka soba karibuni. Siku ya ndoa alimpa kazi ya kupokea wageni wanaume, na binamu yao akakaa naye mpaka usiku. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kitu.

Basi mpenzi, ukiandika orodha yako ya maua, udi na chakula, ongeza mstari mmoja: nani atakaa na kaka? Allah awaponye wagonjwa wetu na azitie baraka ndoa zenu. Amin.