Kiangazi cha Houston

Sisi tunaotazama michezo kwa mbali tumezoea kuihesabu kazi ya mchezaji kwa siku za mechi. Ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, yaani NBA, huipa kila timu mechi 82, kuanzia Oktoba hadi Aprili, na wenye bahati huendelea na mtoano hadi Juni. Katika miezi hiyo mchezaji husafiri, hucheza, hukandwa misuli, akasafiri tena. Hana wasaa wa kujifunza jambo jipya. Alichonacho ndicho anachokitumia, kizuri au kibovu. Kujifunza hungoja kiangazi, ile miezi tunayoiita mapumziko. Mtu wa chaki hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Muhula ukishaanza, ni nani abadilishaye namna yake ya kufundisha? Unakimbizana na azimio la kazi, mitihani inakusubiri, na kosa ulilolizoea unalibeba hadi likizo.

Mimi si mchezaji wa mpira wa kikapu wala sikupata kuwa. Lakini kipo kisa kimoja cha mchezo huo ambacho nimekifuatilia kwa miaka mingi kuliko inavyomfaa mzee wa umri wangu, nacho ni cha kiangazi cha mwaka 2011.

LeBron James alikuwa na umri wa miaka 26. Alikwisha kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, mwaka 2009 na 2010, akahamia timu ya Miami Heat kwa kishindo kilichowaudhi watu wengi. Juni 2011 timu yake ikafungwa na Dallas Mavericks katika fainali, mechi nne kwa mbili, na katika mechi ya nne yeye mwenyewe akapata pointi 8 tu. Dunia ikamcheka. Kisha tarehe 1 Julai wenye timu wakafunga ligi kwa sababu ya mgogoro wa mkataba na wachezaji, hata makocha wa klabu wakakatazwa kuwasiliana nao. Kijana akabaki na kushindwa kwake na kiangazi kirefu mbele yake.

Akafunga safari hadi Texas, kwa Hakeem Olajuwon.

Olajuwon wakati huo alikuwa na miaka 48, na alikuwa amestaafu tangu 2002. Ni mzaliwa wa Lagos, Nigeria, na ninapenda kuwakumbusha walimu wenzangu kwamba alisoma Muslim Teachers College. Nasema kwa mzaha kwamba ualimu ulikuwa ukimsubiri tu amalize mambo ya vikombe. Utotoni alikuwa golikipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono. Mpira wa kikapu aliushika akiwa kijana mkubwa. Mwaka 1980 akaenda Chuo Kikuu cha Houston, na msimu wake wa kwanza hakuchezeshwa hata mechi moja. Alikuwa bado hajaiva.

Kilichomwivisha ni kiangazi. Mjini Houston palikuwa na ukumbi wa michezo wa manispaa ulioitwa Fonde, ambako wachezaji wa kulipwa walikuja kucheza na vijana wa mjini bila tiketi wala refa. Huko alikuwako Moses Malone wa Houston Rockets, mchezaji bora wa ligi wa mwaka 1979 na tena wa 1982. Malone hakuwa mwalimu wa maneno. Alimsukuma yule Mnigeria chini ya kikapu, akamgonga kwa bega, akamnyang'anya mipira iliyodunda ubaoni, siku baada ya siku, mpaka kijana akajua mahali pa kuweka miguu yake. Mwaka 1984 Olajuwon akawa wa kwanza kuchaguliwa katika ligi nzima. Mwaka 1994 na 1995 akaiongoza Houston Rockets kutwaa ubingwa, na alipostaafu alikuwa amezuia mipira 3,830 ya wapinzani, hesabu ambayo hakuna aliyeifikia katika kumbukumbu za ligi hiyo.

Basi huyu ndiye aliyepigiwa hodi. Nami kinachonivuta ni kwamba wageni wake hawakuwa wasiojua kitu. Kobe Bryant alikwenda mwaka 2009, akiwa ametoka kuchukua ubingwa wake wa nne. Dwight Howard alikwenda 2010. Bingwa aliyekubali kuambiwa mguu wako umekaa vibaya! Katika maisha yangu ya ukuu wa shule nimewaona walimu wa miaka miwili kazini wasiokubali kuguswa andalio la somo.

Nimeziangalia picha za video za mazoezi hayo mara nyingi. Mzee, kama tunaweza kumwita hivyo, hakai kwenye kiti na filimbi mdomoni. Anaingia uwanjani mwenyewe, anakipa kikapu kisogo, anapokea mpira, na anafanya. Anayetaka kujua kwa nini chenga zake zilipewa jina, asitazame mikono, atazame nyayo. Kanuni ya mchezo inasema ukishika mpira bila kuudundisha una mguu mmoja wa kuegemea, huo usiondoke mahali pake. Lakini ukiruka kidogo wakati wa kupokea, ukatua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, sheria inakuachia uchague ni upi. Kwa hiyo yule anayekukaba mgongoni hajui utageukia wapi, kwa sababu hata wewe hujaamua. Bega linasema kulia. Akilifuata, unageuka kushoto. Asipolifuata, unakwenda hukohuko kulia. Akiruka kuzuia, unapita chini ya mkono wake. Hakuna nguvu nyingi ndani yake. Kuna kusubiri.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodai kwamba mazoezi ya namna hii ni maonyesho ya kupigiwa picha. Wana hoja, siwanyimi. Howard, kwa macho ya watazamaji wengi, hakurudi na zile nyayo. Aliendelea kuwa mtu wa nguvu na wa kuruka, na akafanya makubwa kwa njia hiyo. Siku chache za kiangazi hazimfanyi mtu kuwa mwingine. Lakini James hakwenda kuchukua chenga zote. Alikwenda kuchukua mahali pa kusimama. Kabla ya hapo, mtu yule mwenye mwili kama lori alipenda kubaki mbali na kurusha. Msimu wa 2010–11 alirusha mipira ya pointi tatu kwa wastani wa 3.5 kila mechi. Msimu uliofuata ikashuka hadi 2.4, naye akaonekana mara kwa mara karibu na kikapu, mgongo umeelekea ubao, kama mtu aliyeambiwa kwamba hapo pia ni kwake. Juni 2012 Miami wakaifunga Oklahoma City Thunder, mechi nne kwa moja. Katika mechi ya mwisho alipata pointi 26, akadaka mipira 11 iliyodunda, na akatoa pasi 13 zilizozaa vikapu.

Siwezi kuandika haya nisimtaje kijana wetu, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Naye alianza mchezo huu akiwa amechelewa, naye alikuwa mrefu kupita kiasi, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika ligi nzima, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Sisi huku tulishangilia. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, akapelekwa kwa muda timu ya daraja la chini, Dakota Wizards, na watu wakaanza kusema maneno. Mimi sikushangaa wala sikumlaumu. Olajuwon aliachwa akae msimu mzima nje, akapewa viangazi vya Fonde na Malone wa kumgonga. Aliyechaguliwa wa pili hapewi muda wa kukaa nje; amelipiwa fedha, na wenye fedha wanataka kuona mali yao. Tunafanya vivyo hivyo kwa walimu wapya. Anatoka chuoni mwezi wa tano, mwezi wa saba yuko mbele ya wanafunzi tisini, na mwezi wa tisa tunamwita ofisini kumwuliza kwa nini darasa limefeli.

Haya niliyawaza sana likizo ya Desemba iliyopita. Mwalimu mmoja kijana wa hisabati, ambaye zamani nilimfundisha, alikuja nyumbani jioni. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za magoti yangu, kisha akasema, "Shikamoo tena, Mwalimu," jambo lililonijulisha kwamba shida inakuja. Kidato chake cha pili kilikuwa kimefanya vibaya, na mkuu wake wa shule alikuwa amemwambia mbele ya wenzake maneno ambayo hayaambiwi mtu mzima. Alikuwa anafikiria kuacha kazi na kuuza vifaa vya simu. Ila kabla ya hapo alitaka nimtazame akifundisha.

"Utamfundisha nani wakati shule zimefungwa?" nikamwuliza.

"Wewe, Mwalimu."

Tulipata chumba cha darasa kitupu, kwa hisani ya mlinzi. Mimi nikakaa dawati la nyuma, ambalo halikutengenezwa kwa mapaja ya mzee. Kijana anajua hisabati kunizidi mimi, hilo halina ubishi. Lakini aliandika huku akiongea na ubao, mgongo wake kwangu, na kila alipouliza swali alilijibu mwenyewe kabla sijavuta pumzi. Nilimsimamisha. Nikajikongoja hadi mbele, nikachukua chaki, nikaandika mstari mmoja wa mlinganyo, nikageuka, nikauliza, nikanyamaza. Mkono wangu ulitetemeka na maandishi yakapinda. Kunyamaza, hata hivyo, hakuhitaji mkono.

"Muda gani unangoja, Mwalimu?"

"Hesabu mpaka saba, kimoyomoyo."

Akajaribu. Mara ya kwanza alifika tatu akajibu mwenyewe. Tulirudia swali lile moja asubuhi nzima, na mlinzi alipita dirishani mara mbili kutuangalia kama tuna akili timamu. Kufikia saa sita alifika saba, uso unamtoka jasho, akasubiri, nami kwenye dawati la nyuma nikanyosha mkono.