Akili Yangu na Mbuzi wa Akko

Mwaka wa 2022, ukame ulipotukaba koo hapa Gotu, nilipewa mbuzi wa akko, yaani nyanya yangu, niwapeleke Ewaso Nyiro. Niliketi chini ya mgunga nikawatazama. Naam, macho yalitazama tu, akili ilikuwa ikicheza mpira Nairobi. Jioni mbuzi watatu hawakuonekana. Kesho yake tuliokota pembe na mifupa, fisi washamaliza kazi. Akko hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwani wewe ulikuwa wapi?" Swali hilo liliniuma kuliko kiboko.

Mwaka huu mwalimu alitusimulia habari za Buddharakkhita, mtawa Mganda wa dini ya Budha aliyeanzisha kituo karibu na Entebbe mwaka wa 2005. Watawa hao huketi kimya wakifuata pumzi ikiingia na kutoka. Akili ikitoroka, huirudisha polepole bila kuikaripia. Darasa zima lilicheka. Mimi nilimkumbuka akko na tasbihi yake baada ya swala: Subhanallah 33, Alhamdulillahi 33, Allahu akbar 34, kidole hakiruki ushanga.

Mimi ni Mwislamu na sibadili dini, msije mkanisengenya! Lakini nimeanza kujaribu huko machungani. Pumzi moja, mbili, tatu... ya nne nishafika Nairobi. Narudi. Jana nilitoroka mara nyingi ajabu, lakini jua lilipozama nilihesabu mbuzi mbele ya akko. Walikuwa 17, wote.

"Na wewe?" akauliza.

"Nipo, akko."